Muziki Ndani ya Nyumba, Sehemu ya 3: Tromboni ya Mkono wa Kushoto

Wale wanaokesha wakinyonyesha, hii ni yenu, isomeni mtoto akiwa titini. Leo tunaenda Marekani, kwa familia ya Hampton, na hasa kwa kijana wao Locksley, ambaye dunia ya jazz ilimjua kwa jina la Slide.

Kwanza tuijue tromboni yenyewe. Umeshaiona. Yale matarumbeta ya harusini, yanayopanda pickup na kuongoza msafara wa bibi harusi, kuna jamaa mmoja ana tarumbeta refu analolisukuma mbele na kulirudisha, na aliyekaa mbele yake lazima ainamishe kichwa. Hiyo ndiyo tromboni. Haina vitufe vya kubonyeza. Ina mrija unaoteleza, na kwenye mrija huo kuna vituo saba ambavyo havina alama yoyote. Mpigaji anavijua kwa sikio na kwa mkono uliozoea. Kituo cha saba kiko mbali kiasi kwamba mtoto mdogo mkono wake haufiki. Mrija huo kwa Kiingereza unaitwa slide, na jina la kijana lilitokea hapo.

Alizaliwa tarehe 21 Aprili 1932 katika mji mdogo wa Jeannette, jimbo la Pennsylvania. Baba yake, Clarke Hampton, watu walimwita Deacon, yaani Shemasi. Mama yake aliitwa Laura. Watoto wao walikuwa 12. Hebu fikiria: watoto kumi na wawili, familia ya watu weusi, katikati ya ule mdororo wa uchumi ulioanza 1929, wakati ajira zilikauka na mtu mweusi ndiye aliyeachishwa kazi wa kwanza. Shemasi na Laura wakawafundisha watoto wao vyombo, wakaunda bendi ya nyumbani, wakaingia barabarani. Bendi ndiyo ilikuwa shamba lao. Wengine walilima mahindi, wao walilima muziki.

Na mabinti je? Mabinti nao walipewa vyombo. Aletra alikaa kwenye piano, hilo halikumshangaza mtu. Lakini Virtue alipewa besi, lile gambusi kubwa la kusimama ambalo karibu linamzidi mtu kimo, na Dawn alipewa saksafoni. Kwa miaka ile mwanamke kwenye jazz alitegemewa aimbe, avae gauni zuri, basi. Kwa akina Hampton, kama bendi ina pengo, linazibwa na mtoto aliyepo, awe wa kike au wa kiume. Mimi nadhani wazazi hawa hawakuwa wanapigania haki yoyote. Walihitaji mpiga besi. Lakini matokeo ni yaleyale, na mabinti hao walipiga na kuimba hadi uzeeni kama Hampton Sisters.

Mwaka 1938 familia ilihamia Indianapolis, na hapa ndipo Slide alipokulia. Mji huo ulikuwa na mtaa unaoitwa Indiana Avenue, ambao ndio uliokuwa moyo wa maisha ya watu weusi: maduka, vinyozi, kumbi za dansi. Ubaguzi uliwabana huko na muziki ukabanana huko huko. Mwaka 1927 mji ulifungua shule ya sekondari ya Crispus Attucks kwa ajili ya weusi peke yao, ili wasichanganyike na weupe. Kumbe walimu weusi wenye shahada kubwa, ambao vyuo vya weupe havikuwataka, wakajikuta hapo wakifundisha watoto wa sekondari. J.J. Johnson, mpiga tromboni mkubwa kuliko wote wa kizazi chake, alipita shule hiyo. Mpiga gitaa Wes Montgomery ni wa mji huohuo, mpiga tarumbeta Freddie Hubbard pia. Kwa hiyo msiniambie nyumba peke yake ndiyo iliyomlea Slide. Mtaa nao ulilea.

Sasa nifike kwenye mkono. Kwa kawaida tromboni inaegemea bega la kushoto, na mkono wa kulia ndio unaosukuma mrija. Slide alikabidhiwa tromboni iliyofungwa kinyume, ya kupigwa kwa kushoto. Akaanza nayo hivyo hivyo, na hakuna aliyemzuia. Shemasi hakumwambia ageuze, Laura hakumwambia ageuze. Akiwa na miaka 12 tayari alikuwa kwenye bendi ya familia, iliyokuwa ikibeba jina la kaka yao Duke, akipiga kinyume cha wapiga tromboni karibu wote duniani. Akapiga hivyo mpaka mwisho wa maisha yake.

Hapa niweke neno langu kama nesi, maana kliniki ya mtoto naliona kila wiki. Mama anamleta mtoto wa miaka miwili, mitatu, nampa kijiko au penseli anapokea kwa kushoto, na kabla sijasema kitu mama ameshampiga kiganja. Watu wa kutumia kushoto ni takriban 1 kati ya 10. Si ugonjwa, si mkosi, na mama hukukosea kitu ukiwa mjamzito. Kumfundisha mtoto kusalimia na kupokea kwa kulia ni adabu yetu na sina ugomvi nayo. Ila penseli, mkasi, mpira, ngoma, mwache ashike anavyoshika. Ukimlazimisha, unachelewesha kitu ambacho mkono wake ulishakijua.

Na kuna lingine mnaloniuliza sana: niweke spika tumboni mtoto awe na akili? Hapana. Habari ile ya kwamba muziki wa Mozart unaongeza akili ilianzia kwenye utafiti wa 1993 uliofanywa kwa wanafunzi wa chuo, si kwa watoto wachanga, na faida yenyewe ilidumu dakika chache tu. Nyumba ya Hampton haikuwa na spika. Ilikuwa na watu wanaopiga, wanaokosea, wanaorudia, na mtoto mdogo anatazama vidole vya dada yake.

Sitawapamba kupita kiasi. Watoto wale walikuwa wanafanya kazi. Walisafiri, walipanda jukwaani usiku, na chakula cha nyumba kilitegemea vidole vyao. Leo mtu akiniletea ratiba kama ile ya mtoto wa miaka 12, nitauliza analala saa ngapi na shule anasoma lini. Shida ndiyo iliyowasukuma, na tusiigeuze shida kuwa mbinu ya malezi.

Basi, kijana akakua. Mwaka 1952, akiwa na miaka 20, alisimama kwenye jukwaa la Carnegie Hall, New York. Katikati ya miaka ya 1950 alikuwa na Buddy Johnson, muziki wa kuchezesha watu, kisha na Maynard Ferguson, ambako hakupiga tu, alianza kuandika: nani apige nini, lini anyamaze, nani ajibu. Mtu aliyekulia kwenye meza ya watu 14 anajua kila mmoja lazima apate zamu ya kusema! Mwaka 1959 akaunda bendi yake ya watu wanane. Nyumba yake ya Brooklyn ikawa kama kituo cha wageni, Freddie Hubbard na Eric Dolphy waliwahi kukaa humo. Akaongoza pia muziki wa Lloyd Price, mwimbaji wa nyimbo za redioni. Kazi ni kazi, hakuchagua.

Sasa sikilizeni hii, ndiyo iliyonifanya niandike sehemu hii yote. Novemba 1960 mpiga piano Randy Weston alirekodi huko New York kazi inayoitwa Uhuru Afrika. Maneno yake aliyaandika mshairi Langston Hughes, na mwanzoni kabisa mwa sahani unasikia Kiswahili, kikisemwa na Mtanganyika mwenzetu, Tuntemeke Sanga. Tanganyika ilikuwa bado haijapata uhuru, ilibaki kama mwaka mmoja. Sehemu ya pili ya kazi hiyo imetengwa kumsifu mwanamke wa Kiafrika, yaani wewe, mama yako na bibi yako. Mmoja wa wapiga tromboni waliokuwa humo ni Slide Hampton. Na aliyeupanga muziki wote ule, sauti kwa sauti, ni mwanamke, naye mpiga tromboni, Melba Liston. Serikali ya makaburu ya Afrika Kusini ikaja kuipiga marufuku.

Mwaka 1968 alikwenda Ulaya na bendi ya Woody Herman, na bendi iliporudi yeye akabaki. Marekani muziki wa rock ulikuwa umeshika soko, na kazi za jazz zimepungua. Ulaya redio zilikuwa na bendi zao zenye mishahara. Akakaa huko mpaka 1977. Aliporudi akafanya kitu cha ajabu: akakusanya wapiga tromboni tisa kwenye bendi moja, akaiita World of Trombones. Chombo kile cha kukaa nyuma na kusindikiza wengine, sasa kimekaa mbele kizima kizima. Mwishoni mwa miaka ya 1980 alikuwa kwenye bendi kubwa ya Dizzy Gillespie, iliyochanganya watu wa Marekani, Kuba, Brazil na Panama.

Tuzo ya Grammy aliipata mwaka 1998 kwa kumpangia muziki mwimbaji Dee Dee Bridgewater. Nyingine ikaja 2005, bendi ya Vanguard Jazz Orchestra iliporekodi kazi zake. Alifariki Novemba 2021, akiwa na miaka 89.

Dada yake Dawn, yule wa saksafoni, alipofika uzeeni akawa mcheza dansi, na vijana wa New York wanaocheza swing wakawa wanamfuata awafundishe, bibi wa zaidi ya miaka 70. Virtue wa besi aliolewa na mpiga ngoma, Thomas Whitted, na mtoto wao Pharez leo ni mpiga tarumbeta huko Chicago. Kwake yeye Slide Hampton alikuwa mjomba.

Mkitaka kumsikia, tafuteni A Day in Copenhagen ya 1969, aliyorekodi na Dexter Gordon. Sauti ndogo tu, mtoto amelala. Alhamisi ni zamu ya Melba Liston.