Pete yako imeandikwa 750? Hii ndiyo maana yake
Uwe Maganzo kwenye almasi au Geita kwenye dhahabu, kabla hujatoa hela ya pete au cheni, igeuze utafute namba. Inaonyesha dhahabu halisi katika kila sehemu 1,000; zilizobaki ni shaba, fedha au metali nyingine.

• 375: karati 9
• 585: karati 14
• 750: karati 18
• 916: karati 22
• 999: karati 24

Ukiona GP, hiyo imepakwa dhahabu juu tu.

Pete ya gramu 4 yenye 375 ina dhahabu gramu 1.5, usiilipie kama gramu 4! Namba nazo hugongwa feki, hivyo sonara aipime mbele yako, na risiti ionyeshe karati na uzito.