Saburi ya Mzee Rebmann

Wako Wakristo wadhanio ya kuwa saburi ni kukaa kitako na kungoja. Lakini mkulima angojaye mvua hakai bure: hulima, hupanda, hupalilia, lile asiloliweza ndilo amwachialo Mungu. Na tuitazame habari ya mtu mmoja aliyeishi hivyo.

Johannes Rebmann, Mjerumani aliyetumwa na chama cha C.M.S. cha Uingereza, aliwasili Mombasa mwaka 1846. Alimkuta Dr. Krapf, ambaye mwaka 1844 alikuwa amemzika mkewe na mtoto wake mchanga mahali pale. Wote wawili wakapanda kilima cha Rabai hali wana homa, wakaanza kazi kati ya Warabai. Mwaka 1848 Rebmann akauona mlima Kilimanjaro na theluji yake. Walikuwako wataalamu Uingereza waliokataa kusadiki habari hiyo. Walakini hakurudi Ulaya kujitetea.

Mwaka 1853 Krapf akaenda zake kwa ajili ya ugonjwa, Rebmann akabaki. Mwaka 1866 akafiwa na mkewe. Waliobatizwa walikuwa wachache mno. Wa kwanza alikuwa kiwete aitwaye Mringe, aliyebatizwa karibu na kufa kwake. Kama kazi ile ingalipimwa kwa hesabu ya watu, ingaliitwa hasara.

Hata hivyo Rebmann aliketi na Salimini, mtumwa aliyetoka pande za Ziwa Nyasa, akiandika neno baada ya neno la lugha yake. Macho yake yakafifia. Mwaka 1875, baada ya miaka 29 pasipo kurudi Ulaya hata mara moja, akaondoka karibu kipofu, akiongozwa na Isaac Nyondo. Akafa mwaka 1876. Kamusi yake ikapigwa chapa mwaka 1877, yeye hakuishika. Na mwaka 1885 William Jones, Mwafrika aliyefanya kazi pamoja naye Rabai, akapewa ushemasi. Hilo pia hakulishuhudia.

Basi, walimu wenzangu, sisi hutaka kuona imani ikikomaa, yetu na ya wanafunzi wetu, kabla mwaka haujaisha; tusipoiona twalegea, na wengine huacha kusali. Yatupasa kujiuliza jioni, si kwamba mavuno yako wapi, bali kwamba kazi ya leo tumeitenda kwa uaminifu. Ajibuye ndiyo kila siku, huyo anakua, ajapokuwa hajioni.