Nyuzi za gitaa la umeme

Nyuzi za gitaa la umeme ni nyaya sita za metali ambazo mtikisiko wake hugeuzwa kuwa umeme na vinasa vya sumaku, kisha kuwa sauti kupitia amplifaya. Uzi mpya una mlio angavu, yaani mkali na safi. Baada ya kupigwa kwa muda mlio huo hufifia na kuwa mzito, kana kwamba gitaa limefunikwa blanketi. Kasi ya kufifia hutegemea metali ya uzi, utando uliopakwa juu yake, jasho la mpigaji na mahali gitaa linapokaa.

Suala hili lina uzito wa pekee kwa wapigaji walio mbali na maduka ya ala za muziki. Makala hii inatumia mfano wa Masasi na Newala katika mkoa wa Mtwara, kusini mwa Tanzania. Kutoka Masasi hadi Mtwara mjini ni takriban kilomita 200, na hadi Dar es Salaam ni zaidi ya 500. Katika hali hiyo mwenye gitaa, awe wa bendi au wa kwaya ya kanisa, anahitaji seti itakayodumu.

Kwa nini mlio hufifia

Kinasa, ambacho wapigaji wengi hukiita pikapu, ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba mara maelfu. Uzi wa chuma ukitikisika juu yake, mkondo mdogo wa umeme hutokea ndani ya waya huo. Ndiyo maana uzi lazima uwe wa metali inayovutwa na sumaku. Nyuzi za nailoni hazisikiki kabisa kwenye kinasa cha namna hii. Nyuzi za gitaa kavu zilizozungushiwa bronzi husikika kwa unyonge, kwa sababu sumaku huona chuma cha ndani tu na bronzi ya nje haiivuti. Anayenunua seti aangalie kwanza kama pakiti imeandikwa kwamba ni ya gitaa la umeme. Kosa hili ni la kawaida kuliko inavyodhaniwa.

Katika upangaji wa kawaida uzi wa sita, ulio mnene kuliko zote, hutikisika mara 82 hivi kwa sekunde, na uzi wa kwanza mara 330 hivi. Lakini uzi hautoi sauti moja tu. Pamoja na sauti kuu hutoa nyingine za mara mbili, mara tatu, mara nne na kuendelea, na hizo za juu ndizo zinazoupa mlio ung'avu wake. Pia ndizo dhaifu zaidi. Uchafu kidogo ukishika kwenye uzi, huongeza uzito usio sawa na msuguano, na sauti za juu huzimika kwanza huku sauti kuu ikibaki. Kutu hufanya vivyo hivyo. Aidha, uzi unaobanwa mara kwa mara juu ya vipande vya chuma vya shingo ya gitaa huchimbika kwa chini. Ukipitisha ukucha chini yake utahisi vishimo. Uzi wa namna hiyo hauwezi tena kupangwa sawasawa shingo nzima, na kuusafisha hakusaidii.

Nyuzi laini na nyuzi zilizozungushiwa

Jambo ambalo matangazo ya nyuzi hayalitilii mkazo ni kwamba seti moja ina nyuzi za aina mbili. Uzi wa kwanza, wa pili na wa tatu kwa kawaida ni waya mtupu wa feleji (chuma cha pua), mara nyingi wenye utando mwembamba wa bati. Uzi wa nne, wa tano na wa sita una kiini cha feleji kilichozungushiwa waya mwingine. Jina la metali linaloandikwa kwenye pakiti linahusu waya huo wa nje, na kwa hiyo linahusu nyuzi tatu tu.

Nyuzi hizo hufa kwa namna tofauti. Zile zilizozungushiwa hufifia mapema kwa sababu jasho, mafuta ya ngozi na vumbi hujaa katikati ya mizunguko. Nyuzi laini hukaa na mlio wake muda mrefu zaidi, halafu hushika kutu au hukatika. Kwa mpigaji wa solo katika mtindo wa muziki wa dansi, ambaye sehemu kubwa ya kazi yake iko kwenye nyuzi nyembamba za juu, kulipa bei kubwa kwa ajili ya metali ya nje kuna faida ndogo. Kwake ni heri seti ya kawaida pamoja na nyuzi za kwanza za ziada. Mpigaji wa rithimu anayegonga nyuzi zote sita usiku kucha ndiye anayeona tofauti, na wa gitaa la besi, ambalo kwa kawaida nyuzi zake zote zimezungushiwa, huiona zaidi.

Metali za nje

Feleji iliyopakwa nikeli ndiyo inayopatikana kila mahali. Mlio wake ni angavu wa kutosha na haulalii upande wowote. Utando wa nikeli huchakaa pale uzi unapogusana na vidole na shingo, na feleji iliyo chini yake hubaki wazi kwa jasho.

Nikeli tupu ina mlio wa upole tangu siku ya kwanza. Husifiwa kwamba haibadiliki sana, na ni kweli kwa kiasi fulani: kinachopotea ni kidogo kwa kuwa kilichokuwepo kilikuwa kidogo. Anayetafuta ukali hataupata hapa.

Feleji isiyoshika kutu ndiyo angavu kuliko zote na hustahimili jasho vizuri. Kampuni ya Rotosound ya Uingereza ilipata sifa miaka ya 1960 kwa nyuzi za besi za aina hii, zilizotumiwa na John Entwistle wa kundi la The Who. Hasara yake ni ugumu. Husugua vidole na hula vipande vya chuma vya shingo upesi zaidi kuliko nikeli, na kubadilisha vipande hivyo ni kazi ya fundi.

Unene nao huchangia. Seti nyepesi za leo, kwa mfano ya inchi 0.009 hadi 0.042 au 0.010 hadi 0.046, zilienea baada ya Ernie Ball wa Marekani kuanza kuuza seti za Slinky mwaka 1962. Kabla ya hapo waliotaka nyuzi nyepesi walichanganya na nyuzi za banjo. Uzi mwembamba huvutika kirahisi, lakini hukatika upesi na kutu kidogo tu humaliza nguvu yake.

Nyuzi zenye utando

Mwaka 1997 kampuni ya Marekani ya W. L. Gore, inayojulikana kwa kitambaa cha Gore-Tex, ilitoa nyuzi za Elixir zilizofunikwa kwa utando mwembamba wa plastiki ya jamii ya teflon. Utando huzuia jasho na uchafu kuingia kati ya mizunguko. Baadaye watengenezaji wengine, wakiwemo D'Addario na Ernie Ball, walitoa nyuzi zao zenye utando au zilizotiwa dawa ya kuzuia kutu.

Nyuzi hizi hudumisha mlio kwa muda mrefu zaidi, hilo halina ubishi mkubwa. Hata hivyo bei yake ni kubwa, utando mnene hupunguza ung'avu kidogo tangu mwanzo, na mpigaji mwenye mkono mzito wa kushika piki huubandua pale anapopiga. Utando pia hauzuii vishimo vya chini ya uzi. Kinachofaa kulinganishwa ni gharama kwa kila mwezi wa matumizi: seti ya bei mara tatu inayodumu mara mbili ni hasara, isipokuwa kama seti ya bei nafuu inafuatwa kwa safari ya basi.

Tahadhari ihusu bidhaa bandia. Chapa kubwa za nyuzi huigwa, na D'Addario huweka ndani ya pakiti namba ya siri ambayo mnunuzi anaweza kuihakiki kwenye intaneti. Pakiti iliyozibwa isiyopitisha hewa ni bora kuliko bahasha ya karatasi, hasa kwa nyuzi zilizokaa dukani Mtwara, ambako hewa ya bahari yenye chumvi hushambulia chuma hata kabla hakijauzwa.

Mazingira ya Masasi na Newala

Newala iko juu kwenye ukingo wa uwanda wa juu wa Makonde, ikitazama bonde la mto Ruvuma. Masasi iko chini, upande wa magharibi, katikati ya vilima vya mawe. Hewa ya bara haina chumvi ya pwani, na kwa upande huo nyuzi hupata nafuu. Matatizo ya hapa ni mengine. Kiangazi huleta vumbi, na mvua za takriban Desemba hadi Aprili huleta unyevu unaoligeuza vumbi hilo kuwa tope ndani ya mizunguko ya uzi.

Halafu kuna korosho, zao kuu la wilaya hizi. Wakulima hupulizia mikorosho unga wa salfa dhidi ya ugonjwa wa ubwiri unga katika miezi ya kiangazi. Salfa ikikutana na unyevu hula chuma. Maganda ya korosho nayo yana mafuta makali yenye asidi, yanayonata na kuunguza ngozi. Mpigaji anayetoka shambani au kubangua korosho na kushika gitaa jioni hupeleka vyote viwili kwenye nyuzi zake, na hakuna metali wala utando utakaomsaidia kama kunawa mikono kwa sabuni na kuikausha. Gitaa lisiwekwe chumba kimoja na magunia ya salfa.

Katika bendi za dansi

Katika bendi nyingi za muziki wa dansi za Tanzania ala zilikuwa mali ya bendi au ya taasisi iliyoimiliki, si ya mwanamuziki. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilikuwa chini ya chama cha wafanyakazi. Hivyo uamuzi wa kununua nyuzi ulikuwa wa mwenye ala. Uhaba wa fedha za kigeni mwishoni mwa miaka ya 1970 na katika miaka ya 1980 ulifanya bidhaa nyingi kutoka nje kuadimika, ala na vipuri vyake vikiwemo. Vijijini waliojitengenezea magitaa walitumia waya wa breki za baiskeli, ambao kwa kuwa ni feleji husikika kwenye kinasa, ingawa haukutengenezwa kwa unene unaolingana na upangaji.

Utunzaji

Kufuta kila uzi, juu na chini, kwa kitambaa kikavu cha pamba mara baada ya kupiga ndiyo njia rahisi kuliko zote. Spiriti kidogo kwenye kitambaa huondoa mafuta, lakini isiguse rangi ya gitaa wala mbao ya shingo. Mafuta ya kula au ya nazi hayafai kwani hukusanya vumbi.

Wapigaji wa besi wana desturi ya kuchemsha nyuzi zilizochakaa ili kutoa mafuta na uchafu. Mlio hurudi, lakini kwa siku chache, na nyuzi zisipokaushwa kabisa hushika kutu haraka. Juu kwenye uwanda wa Makonde, ambako maji yamekuwa tatizo la miaka mingi, kuziloweka usiku kucha katika spiriti ndani ya chupa iliyofungwa hufanya kazi ileile bila maji, na spiriti hiyo inaweza kutumika tena. Nyuzi ziwekwe mbali na moto. Njia hizi hazifai kwa nyuzi zenye utando.

Uzi mmoja ukikatika, si lazima kubadilisha seti nzima kama mlio wa zilizobaki bado ni mzuri. Uzi mpya wa kwanza kati ya nyuzi laini za zamani hausikiki tofauti sana. Uzi mpya wa nne kati ya wa tano na wa sita uliokwisha kufifia husikika mara moja, na hapo ni afadhali kubadilisha zote tatu.