Chumvi ya Wazee Wetu na Maji ya Mwili

Leo chumvi ni kitu kidogo sokoni. Mtoto anatumwa dukani, anarudi nayo, na hakuna mwenye kuuliza imetoka wapi. Kwa wazee wetu haikuwa vile. Tunataka kueleza njia ambayo chumvi ilipitia mpaka kufika mu vyungu vyetu, sababu njia ile inagusa jambo moja linalosumbua watu wengi sasa: uzito wa mwili, kunenepa na kukonda.

1. Chumvi ya udongo

Ku Katanga, mahali pa chumvi panapojulikana sana ni Mwashya, karibu na mto Lufira, penye chemchemi za maji ya chumvi. Kazi yenyewe ilikuwa ya kiangazi. Watu walikwangua udongo wenye chumvi, wakaumwagia maji, wakayachuja, kisha wakayachemsha ndani ya vyungu mpaka maji yakauke. Wakati wa Msiri, aliyetawala toka Bunkeya mpaka alipouawa tarehe 20 Desemba 1891, chumvi ilikuwa mali ya biashara pamoja na shaba na pembe za tembo.

Watu wa kando ya Tanganyika walipata chumvi ya Uvinza, ng'ambo ya ziwa, mu Tanzania ya leo. Wataalamu waliochimba pale mwaka 1967 waliona kwamba kazi ya kuchemsha chumvi imedumu zaidi ya miaka 1,000. Ku Kivu ya kaskazini, Wanande walifuata chumvi ya ziwa Katwe, mu Uganda, na nyingine ilivuka ziwa Edward kwa mitumbwi. Kitu kilichotafutwa kwa mwendo wa siku nyingi, mzigo mabegani, hakikumwagwa ovyo ndani ya mboga.

2. Chumvi ya majivu

Mahali palipokuwa mbali na chemchemi, hasa mu pori kubwa, watu walichoma majani ya majini, matete ao maganda ya ndizi. Majivu yalitiwa maji, yakachujwa, na maji yale yakachemshwa. Hii nayo iliitwa chumvi, lakini haikuwa ileile. Chumvi ya chemchemi ina sodiamu kwa wingi. Chumvi ya majivu ina zaidi potasiamu, na ulimi unaitambua kwa uchungu wake. Basi wazee wengi walikula sodiamu kidogo na potasiamu nyingi, sababu hata majani, ndizi na maharagi vina potasiamu.

3. Chumvi ya mufuko

Mwaka 1910 reli ilifika Élisabethville, ni kusema Lubumbashi ya leo. Bidhaa za ng'ambo zikaingia kwa wingi, na chumvi ya viwanda pamoja nazo. Wafanyakazi wa migodi walipokea posho, na chumvi ilikuwa ndani yake. Polepole vyungu vya Mwashya vilipoteza kazi. Kisha samaki wa chumvi, makayabo, wakawa chakula cha mjini, na baadaye Maggi. Kipande cha Maggi, karibu nusu yake ao zaidi ni chumvi. Lakini mama akiisha kukitia mu sombe, bado anaongeza chumvi juu yake.

4. Sodiamu inavuta maji

Hapa njo kiini cha maneno yetu. Mwili hauachi chumvi ikolee kupita kipimo chake. Chumvi ikizidi, kiu inakamata, mtu anakunywa, na mafigo yanashika maji mpaka kipimo kirudi sawa. Tuangalie serumu ya chumvi inayotundikwa hospitalini: litri moja ina gramu 9 za chumvi, sababu inafuata kipimo cha damu. Kwa hiyo gramu 9 za chumvi zikibaki mwilini, zinabaki pamoja na maji karibu litri moja. Ku mizani, ile ni kilo moja.

Mtu aliyepunguza chumvi anaweza kushuka kilo moja ao mbili kwa siku chache. Anafurahi, anasema dawa ya kukonda imefanya kazi. Lakini kilichotoka ni maji. Mafuta yapo palepale. Kilo moja ya mafuta ina kalori zaidi ya 7,000, na mtu mzima wa kazi ya kawaida anatumia 2,000 mpaka 2,500 kwa siku. Hata akifunga siku mbili nzima, hajamaliza kilo moja ya mafuta. Akirudia makayabo, maji yanarudi.

Jambo lingine linatisha zaidi. Kwetu mtu akinenepa tunamsifu kwamba amepata maisha. Lakini miguu inayobaki na shimo ukiibonyeza kwa kidole si mali. Yaweza kuwa ugonjwa wa moyo, wa mafigo, ao hatari kwa mama mjamzito. Huyo aende kwa munganga, asisifiwe.

Mu Kenya, utafiti uliotolewa mwaka 1990 ulifuata Waluo waliotoka kijijini kwenda Nairobi. Sodiamu yao ilipanda kuliko potasiamu, uzito ukapanda, na tansiyo vilevile, ndani ya miezi michache tu. Safari yao inafanana na ya watu wetu wengi waliohamia mjini.

5. Tushike nini?

Hatusemi turudi ku majivu. Potasiamu nyingi ni hatari kwa mwenye mafigo mabovu. Tena chumvi ya leo yenye iodini imesaidia kupunguza rovu, ugonjwa uliosumbua sana watu wa Idjwi. Wala tusiwasifu wazee kupita kiasi: walikula chumvi kidogo sababu ilikuwa ya taabu, si sababu walijua habari ya sodiamu.

Ila kipimo chao kilikuwa kizuri. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, ni kusema kijiko kidogo kimoja kisichojaa, pamoja na ile ya Maggi na makayabo. Makayabo yalowekwe, maji yamwagwe mara mbili ao tatu. Ukitia Maggi, acha chumvi. Na anayetaka kukonda kweli apunguze mafuta na bukari, atembee, asidanganywe na mizani ya juma la kwanza. Zamani taabu ya njia ilitupimia chumvi. Leo inatupasa kujipimia wenyewe.