Wachagga na Kura Mbili: Habari za Mangi Mkuu Thomas Marealle



Mtu apandaye kutoka Moshi kwenda Marangu hupita kati ya migomba, na chini ya migomba huona mibuni, na kando ya mibuni mfongo, yaani mfereji uletao maji ya mlimani. Shamba la namna hiyo, la urithi wa baba na babu, huitwa kihamba. Leo nataka kuwasimulia jinsi watu wa vihamba walivyomchagua mkubwa wao kwa kura, na jinsi walivyomwondoa kwa kura vilevile. Wala jambo hili halikuanza barazani kwa wamangi. Lilianza penye mizani ya kahawa.

Kahawa ilipandwa na mapadre wa Kilema, jirani na Marangu, mwishoni mwa karne ya 19. Baada ya Vita Kuu ya kwanza Bwana Charles Dundas, aliyekuwa mkuu wa wilaya ya Moshi, aliwahimiza Wachagga waipande kwa wingi. Walowezi wa Kizungu hawakupendezwa. Walisema mibuni ya wenyeji italeta magonjwa na wizi. Lakini tena walijua kwamba mtu mwenye kahawa yake hatakwenda kuchuma ya mwingine kwa ujira mdogo.

Basi mwaka 1925 wakulima waliunda chama chao, K.N.P.A., na Joseph Merinyo akawa rais wake. Kazi yake ilikuwa kupambana na magonjwa ya mibuni, kuuza kahawa pamoja, na kuilinda haki ya Mchagga ya kuipanda. Kidole kimoja hakivunji chawa. Na mwenye gunia moja la kahawa hawezi kushindana na mnunuzi juu ya bei. Katika chama hicho watu wa nchi mbalimbali za mlimani, ambao babu zao walipigana, walijifunza kukaa pamoja na kuulizana hesabu.

Baada ya sheria ya ushirika ya mwaka 1932, mahali pa chama hicho palishikwa na K.N.C.U. Wakulima wakaamriwa kuuza kahawa yao yote kwa njia ya ushirika huo, na wamangi wakasimamia amri. Bei iliposhuka manung'uniko yalizidi, hata mwaka 1937 pakatokea ghasia. Watu hawakuuchukia umoja. Walichukia umoja wa kulazimishwa, ambao hawakuona sauti yao ndani yake.

Mwaka 1946 serikali iliigawa nchi sehemu tatu, Hai, Vunjo na Rombo, na juu ya kila sehemu akawekwa Mangi Mwitori. Wananchi wengi waliuliza: Nani aliyetutaka shauri? Ndipo Petro Njau, pamoja na Merinyo yule wa zamani, walipoongoza Umoja wa Raia wa Kichagga, ulioanzishwa mwaka 1949. Walizunguka vijijini na kutaka neno moja: Wachagga wawe na Mangi Mkuu mmoja, naye achaguliwe na watu.

Serikali ilikubali. Mwaka 1951 kura zilipigwa, na waitori wote watatu walishindwa na Thomas Marealle wa Marangu, mjukuu wa Mangi Marealle aliyetawala wakati wa Wadachi. Yeye alikuwa mtumishi wa serikali aliyepata kusoma Uingereza. Tazameni busara ya wapiga kura hao: walichagua mtu wa ukoo wa kitawala, lakini hawakumchagua kwa ukoo tu. Alitawazwa Januari 1952. Miaka ile kahawa ilikuwa na bei nzuri. Bendera ya Wachagga ilipandishwa, na tarehe 10 Novemba ikawa sikukuu yao. Mwaka 1957 Marealle alisema mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa juu ya mambo ya Tanganyika.

Lakini kadiri heshima ya kiti ilivyokua, ndivyo swali lilivyokua. Je, aliyechaguliwa mara moja amechaguliwa maisha? Chama kipya cha kidemokrasi, akiwamo Solomon Eliufoo wa Machame, kilisema hapana: mkubwa awe rais, mwenye muda wake, arudi kwa watu kuomba tena. Mwaka 1960 watu waliulizwa kwa kura, na walio wengi wakataka rais. Eliufoo akashika mahali hapo, naye alipata pia kuwa waziri katika serikali ya Tanganyika. Marealle aliishi mpaka mwaka 2007.

Wako waliosema kwamba Wachagga walikosa shukrani. Mimi siafiki. Mtu aliyezoea kusimama penye mizani na kutazama mshale haoni aibu kuupima tena mzigo uleule. Tena nguvu iliyomwangusha Marealle ndiyo iliyompandisha. Wala mkuki haukuchukuliwa mara ya kwanza, wala mara ya pili. Kura ni amana, na mwenye amana ana haki ya kuja kuiulizia.