Keshia na Mhudumu wa Mapokezi: Kaunta Moja, Viwango Viwili vya Mshahara

Katika kliniki, hoteli na maduka mengi ya Nairobi, keshia na mhudumu wa mapokezi huketi nyuma ya kaunta moja, wakafika na kuondoka kwa wakati mmoja. Hata hivyo, Amri ya Jumla ya Mishahara, inayotolewa chini ya Sheria ya Taasisi za Leba ya 2007, imewaweka katika makundi mawili yaliyo mbali sana.

Mhudumu wa mapokezi yumo katika kundi moja na karani wa kawaida, mpokeaji simu na mtunza ghala. Keshia amepandishwa ngazi kadhaa juu yao, akawekwa pamoja na dereva wa magari makubwa ya mizigo. Kwa viwango vilivyoanza kutumika tarehe 1 Novemba 2024, baada ya nyongeza ya asilimia 6, mshahara wa chini wa keshia jijini Nairobi ni takriban shilingi 36,360 kwa mwezi. Wa mhudumu wa mapokezi haufiki shilingi 26,000. Viwango hivyo havijumuishi marupurupu ya nyumba, ambayo ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Kwa keshia, hizo ni shilingi 5,454 zaidi. Nje ya miji mikuu viwango hushuka, na penye mkataba wa pamoja kati ya chama cha wafanyakazi na mwajiri, malipo huweza kuwa juu ya hapo.

Pengo hilo lina uzito wake. Kifungu cha 19 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamruhusu mwajiri kukata kwenye mshahara kiasi cha fedha kilichopungua kutokana na uzembe au udanganyifu wa mfanyakazi, mradi mkataba wake wa kazi umetaja waziwazi kwamba amekabidhiwa kupokea, kutunza na kulipa fedha. Keshia, kwa maneno mengine, hulipwa zaidi na pia hubeba hasara ambayo jirani yake wa kaunta habebi. Makato yote kwa pamoja hayaruhusiwi kuzidi theluthi mbili ya mshahara.

Utata hujitokeza pale mhudumu wa mapokezi anapoombwa “kushikilia” dawati la malipo, kwanza saa ya chakula cha mchana, kisha siku nzima, huku barua yake ya kazi ikibaki ileile. Fedha zikipungua, hukatwa kama keshia; mwisho wa mwezi hulipwa kama mhudumu wa mapokezi. Pasipo sharti hilo kwenye mkataba, mwajiri hana msingi wa kukata upungufu huo kwa kifungu kilichotajwa. Isitoshe, kifungu cha 5 cha sheria hiyohiyo kinadai malipo sawa kwa kazi yenye thamani sawa, hivyo anayefanya kazi ya keshia kila siku ana hoja ya kulipwa kiwango cha keshia.

Mwenye malalamiko ya aina hii huyapeleka kwa afisa wa leba wa eneo lake, au katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Inafaa awe na nakala ya mkataba, hati za malipo zinazoonyesha kila makato, ambazo mwajiri analazimika kuzitoa, pamoja na chochote kinachothibitisha siku alizopokea fedha: risiti zenye jina lake, au daftari la makabidhiano lenye sahihi yake.