Mkuki wa Ngoma na Mkuki wa Hofu: Sheria ya Kuchukua Silaha Hadharani Usukumani

Kisesa ni mji mdogo ulio mashariki ya Mwanza, katika barabara iendayo Magu na Musoma. Karibu yake, juu ya kilima cha Bujora, vyama vya ngoma vya Wasukuma hukutana kila mwaka mwezi wa Juni katika sikukuu ya Bulabo, iliyokuzwa na Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada. Makundi makubwa ni mawili, Bagalu na Bagika, na ushindani wao unatokana na waganga wawili wa karne ya 19, Gumha na Ngika. Hucheza kwa wakati mmoja, kila kundi katika uwanja wake, na mshindi ni yule aliyewavuta watazamaji wengi zaidi. Kwa hiyo mchezaji huja na kila kiwezacho kuteka macho: nyoka hai, jembe, mkuki. Mkuki ukirushwa juu na kudakwa, akina mama hupiga vigelegele na watoto husogea karibu. Lakini mtu yule yule akipita usiku mlangoni pa jirani na mkuki ule ule, milango hufungwa. Chuma hakikubadilika. Juu ya tofauti hii imejengwa sheria moja fupi, ambayo asili yake ni ya kale kuliko jina la Tanganyika.

Mwaka 1328, katika mji wa Northampton, serikali ya Mfalme Edward III wa Uingereza ilikataza watu kwenda na silaha katika masoko na magulio. Katiba hiyo ilidumu muda mrefu, ila maana yake ilipunguzwa na mahakama. Mwaka 1686 Sir John Knight alishtakiwa kwa kutembea na silaha, akaachiliwa. Na tangu hapo ikaeleweka kwamba kosa si kuwa na silaha tu, bali kuichukua kwa namna ya kuwatisha raia wa mfalme. Wazo hilo Samuel Griffith alilitia katika kanuni ya jinai ya Queensland, Australia, mwaka 1899. Kutoka huko likavuka bahari hadi Nigeria ya Kaskazini mwaka 1904, na mwaka 1930 likaingia katika Kanuni za Adhabu za Kenya, Uganda na Tanganyika. Ndivyo maneno yaliyotungwa kwa ajili ya magulio ya Waingereza yalivyofika ufukoni mwa Ziwa Viktoria, wala hapana Msukuma aliyeulizwa.

Hata hivyo, kwa bahati, maneno hayo yalifaa. Sheria humtia hatiani mtu aendaye hadharani na silaha bila sababu ya halali, kwa namna ya kumtia mtu hofu. Haitaji urefu wa kisu. Uingereza yenyewe baadaye ilishika njia nyingine: tangu 1988 kisu cha kukunja chenye makali yasiyozidi inchi 3 huruhusiwa, na mwenye kisu kikubwa zaidi, hata akiwa mvuvi wa burudani au mpanda milima, hana budi kuthibitisha sababu yake. Sheria ya inchi ingekuwa dhihaka Usukumani, ambako panga hufyeka shamba, hukata kuni na hufungua njia, na ambako mchungaji kijana aendaye porini mikono mitupu angeonekana mzembe. Huko wawindaji wa nungu, Banunguli, waliigeuza kazi yao kuwa chama, na chama kikawa ngoma. Kutenga kazi na burudani katika maisha ya namna hiyo ni kutafuta mpaka usiokuwapo.

Mpaka ulichorwa mahali pengine. Barabara ile ya Kisesa hufika karibu na lango la magharibi la Serengeti, iliyofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1951. Sheria ya Hifadhi za Taifa ya 1959 haingojei mtu yeyote aogope. Akutwaye ndani ya hifadhi na silaha bila ruhusa, awe na mkuki au kisu na panga la kawaida, hana budi kuridhisha kwamba hakukusudia kuwinda. Babu aliyewinda hapo kwa sifa amemwachia mjukuu kosa.

Lakini jambo zito zaidi lilitokea vijijini. Katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, wazee, na zaidi wanawake, waliuawa usiku kwa tuhuma za uchawi, aghalabu kwa mapanga. Hapa udhaifu wa sheria ya 1930 ulidhihirika: mwuaji hakwenda hadharani, na chombo chake mchana kilikuwa chombo cha shamba. Mwaka 1976 serikali ilikamata watuhumiwa wengi. Baadhi yao waliteswa, na wengine wakafa mikononi mwa dola. Mwaka 1977 Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu kwa sababu hiyo. Ilikuwa haki ajiuzulu; waliokufa kizuizini hawakuwa wamehukumiwa na mtu.

Katika miaka ya mwanzo ya 1980, baada ya vita vya Uganda, wizi wa ng'ombe ulizidi, na silaha zilizosalia vitani ziliuongezea ukali. Wanakijiji wa Usukuma na Unyamwezi wakaunda sungusungu. Walichukua upinde na mishale waziwazi, wakapeana ishara kwa filimbi, wakawahukumu wezi wenyewe. Kwa herufi ya sheria, watu hao walikuwa na silaha hadharani, na kumtia mwizi hofu ndilo lililokuwa kusudi lao. Baadhi yao walishtakiwa mahakamani. Rais Nyerere, hata hivyo, aliwaunga mkono, na mwaka 1989 Bunge lilirekebisha sheria za mgambo ili kuwatambua. Hofu ile iliyokuwa kiini cha kosa ikawa sehemu ya kazi yao.

Sheria ya 1930 haikufutwa kwa hayo. Kijana atokaye ngomani usiku na mkuki begani hukutana kwanza na sungusungu, kabla ya kumwona hakimu, na ni wao watakaosema kama sababu yake ni ya halali.